Umelipia 40, Unaona 5: Kusoma Pengo la Kasi ya Intaneti Kabla ya Kumwita Fundi

"Fundi, nimelipia arobaini, mbona naona tano?" Hapa Mombasa swali hili huulizwa kuanzia Nyali hadi Likoni, na mara nyingi hakuna kilichoharibika. Ile arobaini ni megabiti kwa sekunde, hii tano ni megabaiti kwa sekunde: kasi moja iliyopimwa kwa vipimo viwili. Lakini si kila pengo ni la vipimo. Lipo pengo la waya ulioliwa na chumvi, lipo la waifai, na lipo la mtu aliyeandika namba sahihi kwenye kisanduku cha kipimo kingine. Kila chanzo kina alama yake, na alama hiyo huitafuti kwa kubahatisha. Chukua kasi uliyoahidiwa, igawanye kwa kasi unayoiona. Jibu utakalopata ndilo dalili yako ya kwanza.

Andika namba pamoja na herufi zake

Kabla ya kugawanya, ziandike namba zote mbili kwenye karatasi kama zilivyo, na herufi zinazozifuata. Herufi ndogo b ni biti. Herufi kubwa B ni baiti. Baiti moja ni biti nane, kama pishi moja ilivyo vibaba vinne: mchele ni ule ule, chombo ndicho kilichobadilika. Herufi ya mbele ndiyo inayohesabu: k ni elfu, M ni milioni, G ni bilioni. Kwa hiyo Mbps ni biti milioni kwa sekunde, na MB/s, ambayo wengine huiandika MBps, ni baiti milioni kwa sekunde, yaani kubwa mara nane.

Shida ni kwamba mabango na risiti huandika MBPS yote kwa herufi kubwa, au mbps yote kwa ndogo, na mdomoni kila mtu husema "MB ishirini" bila kubainisha. Mwandiko ukikutatiza, angalia namba imetoka wapi. Kampuni za intaneti, ruta, swichi, waifai na minara ya simu huhesabu kwa biti. Faili, diski, flashi na programu za kupakua huhesabu kwa baiti. Kanuni hii inashika karibu kila mahali, na ni salama kuliko kuamini herufi za bango.

Kwenye Windows, vipimo vyote viwili hukaa kwenye mstari mmoja: fungua Task Manager, na utaona safu ya diski iko kwa MB/s huku safu ya mtandao iko kwa Mbps. Simu nyingi za Android nazo zina mpangilio wa kuonyesha kasi pale juu karibu na saa, na namba ile huwa ni KB/s. Mwenye simu akiona 600 hudhani mtandao umekufa, kumbe 600 KB/s ni 4.8 Mbps. Programu za kupima kasi huanza na Mbps, lakini baadhi zina mpangilio wa kubadilisha kuwa MB/s au kbps, na simu iliyopitia mikono mingi huenda ilibadilishwa zamani. Fungua mipangilio uhakikishe.

Dalili: jibu ni kati ya 8 na 9

Hapa mstari wako ni mzima. Unachokiona ni biti zilizogeuka baiti.

Kugawanya kwa nane hakuhitaji kikokotoo: kata nusu mara tatu. Arobaini, ishirini, kumi, tano. Kurudi upande wa pili, zidisha kwa mbili mara tatu. Vifurushi vya kawaida vinatoa hivi:

5 Mbps = 0.625 MB/s, yaani 625 KB/s
10 Mbps = 1.25 MB/s
20 Mbps = 2.5 MB/s
40 Mbps = 5 MB/s
100 Mbps = 12.5 MB/s
1 Gbps = 125 MB/s

Kwa nini basi jibu lifike hadi 9? Kwa sababu faili lako halisafiri peke yake. Hukatwa vipande, na kila kipande huwekewa anwani na alama za ulinzi kama kifurushi cha basi. Kwenye kebo ya Ethernet, kipande kilichojaa huchukua nafasi ya baiti 1,538, na kati ya hizo ni baiti 1,460 tu ambazo ni faili lako. Hiyo ni asilimia 94.9. Juu ya hapo, programu nyingi huhesabu MB kwa 1,024 badala ya 1,000, jambo tutakalolieleza hapo chini. Ukiweka makato yote mawili, 40 Mbps inaonekana kama 4.5 MB/s. Anayelipia 40 na kuona 4.5 asubuhi na usiku anapata haki yake yote.

Kosa linalouma zaidi ni kuahidi muda kwa kipimo kisicho chake. Mpiga picha wa harusi ana video ya GB 12 ya kumpandishia mteja aliye Muscat, na kasi yake ya kupakia ni 10 Mbps. Akigawanya 12,000 kwa 10 anapata sekunde 1,200, anamwambia mteja "dakika ishirini tu." Hesabu sahihi: GB 12 ni megabaiti 12,000, zidisha kwa 8 upate megabiti 96,000, gawanya kwa 10 upate sekunde 9,600. Ni saa mbili na dakika 40, na ukiongeza yale makato ya vifungashio, karibu saa tatu. Zidisha kwa nane kwanza, kisha ugawanye. Usiahidi kabla ya hapo.

Dalili: pengo dogo, kati ya asilimia 2 na 10

Flashi ya GB 64 inasomeka GB 59.6. Diski ya GB 500 inasomeka 465. Hakuna aliyekuibia. Mtengenezaji anahesabu GB kuwa baiti 1,000,000,000. Windows inahesabu 1,024 × 1,024 × 1,024, yaani baiti 1,073,741,824, lakini inaandika jina lile lile la GB. Mwaka 1998 shirika la viwango la IEC lilitoa majina tofauti ili kuondoa utata huu: kibibaiti, mebibaiti na gibibaiti, zinazoandikwa KiB, MiB na GiB. Programu za Linux huyatumia kwa wingi, Windows haikuyafuata.

Pengo hukua kadiri kipimo kinavyokua: asilimia 2.4 kwenye kilo, 4.9 kwenye mega, 7.4 kwenye giga, karibu 10 kwenye tera. Kwa hiyo tofauti ya 4.9 kati ya programu mbili zinazoonyesha MB/s si kosa la mtandao. Kasi ya laini, kwa upande wake, huhesabiwa kwa elfu kamili siku zote: 1 Mbps ni biti 1,000,000, si 1,048,576.

Mafundi wanaotumia iperf3, programu ya kupima kasi kati ya kompyuta mbili, wawe macho hapa. Matokeo yake huandika MBytes kwa hesabu ya 1,024 na Mbits/sec kwa hesabu ya 1,000 kwenye mstari mmoja. Ukiona MBytes 112 kwa sekunde 10 na kasi ya 94.1, ukazidisha 112 kwa 8 na kugawanya kwa 10, utapata 89.6 na kudhani chombo kimekosea. Hakijakosea, zidisha tena kwa 1.0486.

Dalili: kasi imegota 94 na haipandi

Umelipia 200 au 500, kipimo kinaleta 94 Mbps, au ukinakili faili kutoka kompyuta hadi kompyuta unaona 11.3 MB/s, na namba haitikisiki. Huu si msongamano, kwa kuwa msongamano hupanda na kushuka. Namba inayoganda hapo inasema jambo moja: mahali fulani kati yako na ruta kuna kiungo kilichokubaliana kwenda kwa 100 Mbps.

Kebo ya mtandao ina nyaya nane, jozi nne. Kasi ya 100 Mbps hutumia jozi mbili tu, kwa kawaida ya chungwa na ya kijani, kwenye pini 1, 2, 3 na 6. Kasi ya gigabiti inataka jozi zote nne. Waya mmoja wa bluu au wa kahawia ukikatika, vifaa havizimi wala kulalamika. Vinashuka hadi 100 na taa inaendelea kuwaka. Ndiyo maana kosa hili hukaa miezi bila kujulikana.

Mombasa lina sababu zake za kutokea. Hewa ya baharini ina unyevu na chumvi, na viungio vya RJ45, vile vya plastiki kwenye ncha za kebo ya mtandao, vilivyo nje, kwenye paa au dirishani upande wa bahari, huota kutu ya kijani kwenye shaba. Kebo za bei ya chini zilizotengenezwa kwa alumini iliyopakwa shaba huharibika upesi zaidi, na waya wake huvunjika ukikunjwa mara chache. Pitisha kisu kwenye ncha ya waya: ukikwangua rangi ya shaba na ndani ukaona weupe, ni alumini. Usiitumie nje, na usiitumie kupeleka umeme kwa antena.

Fuata mpangilio huu. Angalia kwanza kasi ya kiungo kwenye kompyuta, mahali pa hali ya mtandao wa kebo: ikiandika 100/100 umeshapata jibu. Badilisha kebo fupi ya mezani, kwa kuwa ndiyo rahisi kujaribu. Ikibaki 100, hamia mlango mwingine wa ruta, kwani ruta nyingi za bei nafuu zina milango ya 100 pekee na hapo hakuna cha kutengeneza. Ikiwa ruta na kompyuta zote zina gigabiti, kata sentimita tatu kila ncha ya kebo ya ukutani hadi uone shaba inayong'aa, ufunge viungio vipya. Msokoto wa kila jozi usifunguliwe zaidi ya milimita 13 kabla ya kiungio, na urefu wote usipite mita 100.

Angalia pia kama fundi wa zamani aligawa kebo moja iwe mbili, jozi mbili kwa ofisi hii na jozi mbili kwa ile. Ni mtindo wa kawaida kwenye majengo ya zamani ya Moi Avenue ambako kupitisha kebo mpya ni kazi. Ukiwa hivyo, kila upande haupiti 100 hata ufanye nini. Vile vile adapta za zamani zinazopeleka umeme kwa antena ya paa kupitia jozi ya bluu na ya kahawia: jozi hizo zimeshachukuliwa na umeme, data imebakiwa na mbili. Adapta ya gigabiti ndiyo dawa. Na kebo inayoingia nyumbani kutoka paani iachiwe mkunjo unaoning'inia chini ya tundu la kuingilia, ili maji ya mvua yadondokee hapo badala ya kufuata kebo hadi kwenye kiungio.

Dalili: kwa kebo ni sawa, kwa waifai ni nusu

Simu inaandika kwamba imeungwa kwa 72 Mbps, kipimo kinaleta 35. Ile 72 ni kasi ya redio, si ya faili. Redio za waifai hupokezana hewa. Mmoja akisema wengine wananyamaza, na kila kipande husubiri kukiriwa. Tarajia karibu nusu ya namba iliyoandikwa, na chini zaidi jirani wakiwa wengi.

Ukitaka kujua kama kosa ni la waifai, pima kwa kebo kwanza, kisha pima ukiwa mita mbili kutoka kwa ruta, kisha pale unapokaa siku zote. Kebo ikileta 40, mita mbili 38, na chumbani 6, kampuni haina kosa. Katika Mji wa Kale kuta za mawe ya matumbawe ni nene, na mawimbi ya 5 GHz yanachoka ukuta mmoja tu. Tumia 2.4 GHz kwa vyumba vya mbali, kwenye chaneli 1, 6 au 11 yenye jirani wachache, au afadhali zaidi, pitisha kebo moja hadi ghorofani na uweke kituo cha pili cha waifai huko. Vifaa vya kurudia mawimbi vinavyochomekwa kwenye soketi hupokea na kutuma kwa redio ile ile mara nyingi, hivyo hukata tena nusu.

Dalili: kupakua ni safi, kupakia kunakatika

Sehemu hii ndiyo inayopoteza pesa za watu, nayo hupimwa mara chache kuliko zote. Vifurushi vingi hutangaza kasi ya kupakua pekee. Soma mkataba uone ya kupakia ni ngapi.

Chukua saiba yenye kompyuta kumi na kasi ya kupakia ya 10 Mbps. Zote zikipakia kwa pamoja, kila moja ina 1 Mbps, yaani 125 KB/s. Karani wa wakala wa forodha anapandisha faili la PDF la MB 8 lenye hati za kontena. Mara nane ni megabiti 64, kwa hiyo ni sekunde 64, bila makato. Tovuti ikiwa imewekewa kikomo cha sekunde 60, faili litafika karibu asilimia 90 na kukatika, kila mara, na karani ataapa kwamba tovuti ni mbovu. Dalili ya kosa hili ni kwamba faili dogo linapita na kubwa linakwama mahali pale pale.

Dawa ya kwanza si kununua kasi. Hati iliyoskaniwa kwa nukta 600 kwa inchi, kwa rangi, haihitajiki na mtu yeyote. Iskani kwa nukta 200, rangi ya kijivu. Kutoka 600 hadi 200 idadi ya nukta inapungua mara tisa, na faili la MB 8 linakuwa chini ya MB 1. Dawa ya pili ni kugawa kasi ndani ya ruta ili mteja anayepandisha video asiwameze wengine tisa.

Kamera za ulinzi zina hesabu yao, na hapo watu hukosea mara mbili: kwenye kasi na kwenye diski. Mipangilio ya kamera huandikwa kwa kbps. Duka lenye kamera nane, kila moja 4096 kbps, linazalisha kbps 32,768, yaani karibu 32.8 Mbps. Gawanya kwa 8: 4.1 MB/s. Zidisha kwa sekunde 86,400 za siku: karibu GB 354 kwa siku. Diski ya TB 1 inajaa kabla ya siku ya tatu kwisha, wakati mwenye duka aliambiwa itaweka wiki mbili. Kwa siku 14 anahitaji karibu TB 5, na diski ya kununua ni ya TB 6. Kamera zikikubali H.265, mbinu ya kubana video zaidi, punguza kila moja hadi 2048 kbps na mahitaji yanakatika nusu huku picha ikibaki nzuri.

Kutazama kutoka mbali ni suala la kupakia. Kamera nne kwa picha kamili ni 16.4 Mbps, ukiwa na kasi ya kupakia ya 10, picha zitaganda hata simu yako iwe na mtandao bora namna gani. Tumia mkondo wa pili, ule mdogo, kwa 512 kbps: kamera zote nane ni 4.1 Mbps na zinapita.

Dalili: kila mteja anapata sehemu ya nane, hata usiku wa manane

Ukipima kwa kebo, kwa Mbps, ukiwa peke yako, na bado jibu la kugawanya ni 8 kamili, basi kuna mtu aliyeweka kikomo kwa kipimo kisicho chake. Kwa mfano alitaka kumpa mpangaji 2 MB/s akaandika 2M kwenye foleni, yaani mpangilio wa kugawa kasi, ya ruta ya MikroTik. Ruta ile huhesabu kwa biti: 2M ni biti milioni mbili, yaani 250 KB/s. Aandike 16M. Papo hapo aangalie mpangilio wa namba: kwenye foleni ya kawaida, max-limit=5M/20M, ya kwanza ni ya kupakia na ya pili ni ya kupakua, kwa upande wa mteja. Zikigeuzwa, mteja anapakia kwa 20 na kupakua kwa 5, na malalamiko yake yanafanana sana na ya biti na baiti, ila jibu ni 4 badala ya 8.

Programu za kunakili faili kupitia mtandao, kama rsync, wget na scp, nazo hazikubaliani kuhusu kipimo cha kikomo cha kasi. rsync kwa --bwlimit=500 inasoma kibibaiti 500 kwa sekunde. wget kwa --limit-rate=500k inasoma baiti. Lakini scp kwa -l 500 inasoma kilobiti 500, yaani 62.5 KB/s pekee. Aliyehamisha agizo kutoka rsync kwenda scp bila kubadilisha namba atalala akiamini nakala ya akiba imekamilika, na asubuhi ataikuta hata robo haijafika.

Dalili: seva ya karibu inaruka, ya mbali inajikokota

Kipimo cha kasi kinaleta 40 kwa seva ya Nairobi, lakini faili kutoka Ulaya linashuka kwa 430 KB/s na haliongezeki. Zidisha kwa nane: 3.4 Mbps. Mara nyingi chanzo ni umbali. Mtumaji hutuma kiasi fulani kisha husubiri jibu ndipo aendelee. Kifaa cha zamani kinachokubali baiti 65,535 tu kwa mpigo, muda wa kwenda na kurudi ukiwa milisekunde 150, hakiwezi kupita 65,535 × 8 ÷ 0.15, yaani karibu 3.5 Mbps, hata ukikiunga kwenye laini ya 1,000. Kifaa hicho hicho kikiongea na seva iliyo milisekunde 10, kinafika 52 Mbps.

Jaribu kupakua faili lile lile kwa vipande vinne au nane sambamba. Jumla ikipanda karibu mara nne au nane, umbali ndio uliokubana, na programu ya kupakua kwa vipande inatosha. Jumla isipopanda, tafuta kwingine.

Kuna wanaodhani kukaa Mombasa, karibu na kebo za baharini, kunatosha kuwapa kasi. Ni kweli kwamba TEAMS, inayotoka Fujairah, na SEACOM zilifika hapa 2009, na EASSy ikaanza kazi 2010. Lakini data yako haichomekwi ufukweni. Hupita kwanza kwenye mitambo ya kampuni yako, popote ilipo. Na kebo hizo zikikatika, kama EASSy na SEACOM zilivyokatika Mei 2024, kasi ya mbali hupungua kwa kila mtu huku ya karibu ikibaki nzima. Siku kama hiyo usifungue ruta wala kukata viungio.

Dalili: kasi ilishuka siku moja na ikabaki namba ile ile

Jana 50, leo 1 au 2, asubuhi na usiku vile vile. Umefikia kikomo cha matumizi cha kifurushi. Kinachokwisha hapa ni ujazo, unaohesabiwa kwa GB, na watu wengi huuchanganya na kasi kwa sababu vyote viwili huitwa "MB". Bando la GB 1 kwa kasi ya 10 Mbps linaisha kwa sekunde 800, dakika 13 na sekunde 20. Laini ya 50 Mbps ikitumika kikamilifu hushusha GB 22.5 kwa saa, kwa hiyo kikomo cha GB 500 kinaweza kufikiwa kwa saa 22 na dakika chache. Tazama sehemu ya matumizi kwenye programu ya kampuni kabla ya kupiga simu.

Flashi na milango ya kompyuta: hapa gawanya kwa kumi

Kanuni ya nane ina watu wasioifuata. USB 3.0 ya 5 Gbps na SATA ya 6 Gbps hutuma biti kumi kwa kila baiti, mbili za ziada zikiwa za kulinda mawimbi. Kwa hiyo kikomo chake ni 500 MB/s na 600 MB/s, si 625 na 750. Mlango wa kiserio, ule wa kusanidia swichi au kuunga mizani, kwa 9600 hupeleka baiti 960 kwa sekunde, kwa kuwa kila baiti ina biti ya kuanzia na ya kumalizia.

Flashi ya USB 3.0 ikigota 30 hadi 40 MB/s, imeungwa kwa USB 2.0. Ichomoe, hakikisha mlango ni wa 3.0, ambao mara nyingi una plastiki ya bluu, na uichomeke kwa haraka. Ukiiingiza polepole, pini za mbele hugusana kwanza na kompyuta huitambua kama ya 2.0. Ikianza kwa 200 ikashuka hadi 8 baada ya sekunde chache, ile ya kwanza ilikuwa kumbukumbu ya kompyuta ikijaa, na 8 ndiyo kasi halisi ya flashi.

Ukibaki na kampuni peke yake

Umepima kwa kebo, kwa Mbps, na jibu halilingani na lolote kati ya haya: labda 3 mchana na 7 usiku, linapanda na kushuka. Huo ni msongamano wa laini, na hapo kampuni ndiyo ya kuulizwa. Zima waifai, acha kompyuta moja tu, na pima mara tatu kwa siku kwa siku tatu: saa mbili asubuhi, saa nane mchana, saa tatu usiku. Kila kipimo kiwe na kasi ya kupakua, ya kupakia na muda wa kwenda na kurudi. Kisha tuma ujumbe wa namna hii:

"Kifurushi 40 Mbps. Nimepima kwa kebo, kiungo cha 1 Gbps, kompyuta moja. Saa mbili asubuhi 38/10 Mbps. Saa tatu usiku 6/9 Mbps, siku tatu mfululizo. Seva ya kupimia ni ile ile. Picha za vipimo nimeziambatisha."

Andika Mbps kwa M kubwa na b ndogo. Ukiandika "6 MB" wao watasoma 48 Mbps na kukujibu kwamba laini yako ni nzima.